Trela mpya, paa linavuja: nani alipaswa kukagua?

Shemeji yangu ni nesi wa mikataba. Wiki 13 Texas, wiki 13 Oklahoma, kisha Texas tena. Alipochoka kulipia vyumba vya kupanga mwezi kwa mwezi, alinunua trela ya kambi: kitanda, jiko, choo na bafu, vyote juu ya ekseli mbili. Pikapu ya kuivutia alikuwa nayo tayari. Siku ya kukabidhiwa alituma picha kwenye grupu la familia, funguo mkononi, trela nyuma yake inang'aa, na sisi tukammiminia vigelegele vya WhatsApp. Siku ya 11 mvua ikanyesha. Picha iliyofuata ilikuwa ya godoro lililolowa upande mmoja, na mchirizi wa kahawia ukishuka ukutani kutoka kwenye pembe ya dari.

Akanipigia mimi. "Shemeji, si wewe uko huko huko Indiana zinakotengenezwa?" Kana kwamba ningevaa viatu nikaenda kuwagongea mlango.

Na kusema kweli ningeweza. Elkhart ni mwendo wa saa chache kutoka ninapoishi. Kaunti hiyo na miji inayoizunguka, Goshen, Middlebury, Nappanee, ndiko kunakotoka zaidi ya asilimia 80 ya nyumba za magurudumu zinazotengenezwa Marekani. Ukipita barabara kuu ya kulipia ya kaskazini mwa Indiana asubuhi utazikuta, kila moja nyuma ya pikapu yake, zinapelekwa kwenye yadi za wauzaji wa nchi nzima. Zinapendeza kwa macho. Tangu simu ile, kila nikizipita najiuliza ni ngapi zinazosafiri na uvujaji wake ndani.

Watu wana majibu mepesi. Wengine husema vijana wa siku hizi hawataki kazi, wengine humtupia lawama Mchina aliyeleta tairi na bomba. Mimi siyakubali. Nikifuata safari ya trela moja tangu ikiwa vyuma vitupu hadi inapofika kwa shemeji, naona kwamba kila aliyeigusa alilipwa kabla haijajulikana kama ni nzima. Fundi alilipwa, kiwanda kililipwa, muuzaji alilipwa, benki ikaanza kuhesabu riba. Aliyebaki kugundua kama paa linashika maji ni mnunuzi, na yeye hakuajiriwa kwa kazi hiyo.

Tuanzie kiwandani. Katika viwanda vingi vya Elkhart mafundi hulipwa kwa kipande: kundi zima linapata fedha kwa kadiri ya trela zinazotoka mlangoni. Kazi huanza alfajiri, wengine saa 11 kamili, na hesabu ya siku ikitimia watu wanaruhusiwa kwenda zao mapema mchana. Wengi wao ni Waamish, watu wenye sifa ya kufanya kazi ya mbao kwa mikono na kuiheshimu kazi hiyo. Kwa hiyo tusiseme ujuzi haupo. Ila mpe fundi bora duniani malipo yanayoongezeka kwa kasi, umpe ruhusa ya kwenda kuvua samaki saa 8 mchana akimaliza, kisha umwambie asimame dakika 10 kuifuatilia skrubu iliyokosa mbao. Akisimama yeye, kundi zima linasimama, na ujira wanaoupoteza ni wa wote.

Skrubu iliyokosa mbao si mfano wa kubuni. Trela ya bei ya kawaida ina mifupa ya mbao nyembamba, unene wa inchi mbili hivi au pungufu, iliyovikwa bati jembamba la aluminiamu au karatasi ya faibaglasi iliyogundishwa juu ya plaiwudi nyembamba kama kifuniko cha daftari. Juu kuna utando wa mpira au plastiki uliotandazwa na kugundishwa. Kisha paa hilo linatobolewa: tundu la feni, la kiyoyozi, la bomba la kutoa hewa ya choo, la antena, la dirisha la bafuni. Kila tundu linazungushiwa gundi nzito ya kuziba. Pembe nne za trela zinafunikwa kwa ukanda wa chuma uliopigwa skrubu juu ya utepe wa kuzibia. Kinachozuia maji kuingia ndani ya nyumba hiyo ya makumi ya maelfu ya dola ni gundi hiyo na utepe huo. Aliyeipaka kwa haraka akaacha nafasi ya upana wa njiti ya kiberiti, basi amekwisha kuiharibu trela, na hakuna atakayejua mpaka mvua.

Kisha trela inavutwa. Nyumba ya kawaida husimama mahali pamoja miaka 50. Hii inapigwa na tetemeko kila siku inapokuwa barabarani, mbao zinajipinda, skrubu zinalegea, gundi inavutika. Ndiyo maana vitabu vya mwongozo vinamtaka mwenye trela apande kukagua viungo vya paa mara kwa mara, vingine kila miezi 3. Shemeji hakuambiwa hilo siku ya kununua. Alionyeshwa jinsi ya kuwasha moto wa umeme wa mapambo ulio chini ya televisheni.

Maji yakishaingia hayana haraka. Yanalowesha plaiwudi, gundi inaachia, ukuta wa faibaglasi unatumbuka kama mkate wa kumimina. Hapo ndipo gharama inapopaa, na sababu yake iko tena katika namna ya ujenzi. Ili kwenda haraka, viwanda vingi hufunga sakafu kwanza, vikapanga makabati na vitanda juu yake wakati kuta bado hazijasimama, kisha kuta zinaletwa na makabati yanapigwa skrubu kutoka nyuma, upande wa nje, kabla ya bati kuvikwa. Ni njia nzuri ya kujenga. Kwa kutengeneza ni balaa. Fundi anayetaka kufikia ubao mmoja uliooza inambidi aivue trela nguo: ukanda wa pembeni, dirisha, taa, bati. Gereji nyingi za kazi hii hutoza dola 150 hadi 200 kwa saa, na kubadilisha paa lote la trela ya futi 30 kunaweza kufika dola 9,000 au 10,000. Gundi ambayo ingelizuia hilo inauzwa kwa bei ya sahani mbili za biriani kwenye mgahawa wa Wasomali hapa mjini.

Nilimuuliza shemeji kama waliikagua pale yadi kabla ya kumpa. Akasema walimwonyesha nembo ya mviringo karibu na mlango. Nembo hiyo ni ya chama cha watengenezaji wenyewe, RVIA, na ina maana yake: trela imefuata kanuni za umeme, gesi, mabomba na kujikinga na moto. Wakaguzi wa chama huingia viwandani bila taarifa kuangalia mambo hayo. Si jambo dogo, maana gesi ikivuja ndani ya chumba hicho kidogo hakuna kukimbia. Lakini nembo haisemi kama droo inafunga, kama sakafu iko sawa, kama paa limezibwa. Nayo serikali, kupitia shirika la usalama barabarani, NHTSA, hulazimisha marekebisho ya bure pale kasoro inapohatarisha maisha: breki, tairi, gurudumu linalochomoka. Godoro kulowa haliihusu serikali.

Ukaguzi wa kabla ya kukabidhi upo kwenye karatasi, na mnunuzi huweka saini kwamba umefanyika. Kwenye yadi ya kweli unafanywa na kijana mwenye trela nyingine tano zinazomsubiri Jumamosi hiyo hiyo. Anafungua bomba, anawasha friji, anajaribu chumba cha kusukuma nje, kile kinachochomoza ubavuni kupanua trela, kama kinakwenda na kurudi. Kupanda paani na kupiga maji ya mpira robo saa kila upande, hapana.

Basi kuna waranti, na shemeji aliitegemea kama tunavyotegemea kadi ya bima. Kwa kawaida ni mwaka mmoja, na mifupa ya trela hupewa zaidi kidogo, miaka 2 au 3. Siku zinahesabiwa tangu kununua. Trela ikikaa gereji miezi 3 ikisubiri kipuri, kwa kawaida siku zinaendelea kukatika. Friji ina waranti yake, jiko lake, ekseli zake, kila moja na kampuni yake na simu yake ya kusubirishwa na muziki. Muuzaji naye hulipwa na kiwanda kwa kazi ya waranti, mara nyingi kwa saa chache kuliko zinazotumika, kwa hiyo mteja wa fedha taslimu anapendelewa, na trela iliyonunuliwa yadi nyingine hukataliwa mlangoni. Siwalaumu sana. Hata mimi ningekuwa na gereji ningemtanguliza anayelipa vizuri.

Kilichomkata maini shemeji kilikuwa swali moja kwenye fomu ya madai: je, trela inatumika kama makazi ya kudumu? Alijaza ndiyo, kwa sababu ni mtu wa kweli na mama yake ni mlokole. Waranti nyingi huondoa kabisa au hupunguza haki za mtu anayeishi ndani ya trela muda wote. Ziliandikwa kwa ajili ya familia inayokwenda ziwani wikiendi nne za kiangazi. Yadi inamuuzia nesi wa mikataba, fundi wa mabomba ya mafuta, mstaafu aliyeuza nyumba, huku inajua wazi wanakwenda kuishi humo, na hakuna anayefungua ukurasa ule kabla ya saini.

Sheria je? Majimbo ya Marekani yana sheria za kumlinda mtu aliyeuziwa gari bovu lisilotengenezeka. Trela haina injini, haijiendeshi, na katika majimbo mengi iko nje ya sheria hizo. Indiana nayo imeziacha nje. Halafu baadhi ya waranti zinasema kesi yoyote ifunguliwe jimbo trela ilikotengenezwa. Soma mambo hayo mawili pamoja, taratibu: mtu wa Texas anatakiwa asafiri hadi Indiana kushtaki, kwenye jimbo ambalo sheria yake ya magari mabovu haiitambui trela yake. Inabaki sheria ya shirikisho ya waranti ya mwaka 1975, yenye meno kiasi kwa mwenye wakili na subira. Wakati huo huo mkopo unakwenda. Mikopo ya trela hufika miaka 15, hata 20, kwa kitu ambacho bei yake huporomoka tangu kinapotoka getini. Baada ya miaka michache unadaiwa zaidi ya thamani yake, kwa hiyo huwezi hata kuiuza uondokane nayo.

Watetezi wa sekta watasema janga la Uviko ndilo lililoharibu. Ni kweli kwamba watu walipokimbia hoteli na ndege, viwanda vilitoa nyumba za magurudumu zaidi ya 600,000 mwaka 2021, rekodi ambayo haijawahi kufikiwa, kwa kuajiri yeyote mwenye mikono. Kufikia 2023 zilikuwa zimeshuka hadi 313,000 hivi, karibu nusu. Ila kama haraka ya 2021 ndiyo chanzo, basi 2023 ilipaswa kuwa mwaka wa trela safi. Mpangilio wa malipo haukubadilika, na kupungua kwa oda kulimaanisha mafundi wachache zaidi wakigombea vipande vichache. Sekta hii haiijui hali ya katikati. Mwaka 2009 Elkhart ilipigwa na ukosefu wa kazi vibaya kiasi kwamba Obama, wiki chache tu baada ya kuapishwa, alikwenda huko kuwasikiliza. Mji unaoishi kwa kupanda na kushuka namna hiyo hauwezi kutunza mafundi wa miaka 20 kwenye kituo kimoja cha kazi.

Na haraka iliwahi kuonyesha matunda yake kabla ya Uviko. Baada ya kimbunga Katrina, mwaka 2005, shirika la maafa la serikali, FEMA, lilinunua trela zaidi ya 100,000 kwa mkupuo kuwahifadhi waliopoteza nyumba Louisiana na Mississippi. Watu wakaanza kuwashwa macho na kukohoa. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 wataalamu wa CDC, shirika la serikali la kudhibiti magonjwa, walipopima hewa ndani ya makazi 519 ya aina hiyo walikuta formaldehaidi, kemikali inayotoka kwenye gundi za plaiwudi, kwa wastani wa sehemu 77 kwa kila bilioni, juu sana kuliko ndani ya nyumba za kawaida. Mwaka 2012 watengenezaji na wakandarasi walikubali kulipa dola milioni 42.6 kumaliza kesi ya pamoja. Kabla ya hapo, mwaka 2010, ilitungwa sheria ya kudhibiti kemikali hiyo kwenye mbao za kugundisha. Ikafanya kazi, na viwanda havikufa. Sioni kwa nini ukaguzi wa maji kabla ya trela kutoka kiwandani, mvua ya bandia kwa nusu saa na karatasi yenye jina la aliyepima, uonekane ni jambo la kuangusha uchumi.

Jibu la sekta hadi sasa limekuwa kufundisha mafundi wengi wa matengenezo, na chuo kimefunguliwa huko huko Elkhart. Mafundi wanahitajika kweli. Lakini kujenga hospitali kubwa zaidi karibu na kona inayoua watu ni namna ya kukiri kwamba kona hutainyoosha.

Kuna hoja nyingine ninayoisikia sana, hasa kutoka kwa wanaume wanaopenda kushauri: rahisi ghali, angenunua ya bei kubwa. Ingekuwa hivyo ningenyamaza. Trela ya dola 25,000 na ya dola 80,000 mara nyingi zina fremu kutoka kampuni ile ile, ekseli zile zile, friji na bomba zile zile, na gundi ile ile juu ya paa. Tofauti kubwa unaiona kwenye viti na rangi ya kabati.

Bei peke yake haielezi, ila namna ya kujenga na ya kuuza inaeleza. Zipo kampuni ndogo, Scamp ya Minnesota, Casita ya Texas, Oliver ya Tennessee, zinazotengeneza trela kwa vipande viwili vikubwa vya faibaglasi vinavyounganishwa kama mwili wa boti. Hakuna ukanda wa pembe, hakuna viungo vya paa, matundu ni machache. Na kwa miaka mingi zimejulikana kwa kuuza zenyewe, bila yadi katikati: unaagiza, unasubiri, ikivuja unampigia aliyeijenga. Sisemi hazina kasoro, na kwa familia ya watoto wanne nyingi ni finyu mno. Ila ukizitafuta zilizotumika utashangaa jinsi zinavyoshika bei, na soko la mitumba halina adabu ya kusifia bure.

Nakumbuka pia habari ya Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya trela ya Airstream. Mwaka 1959 aliongoza msafara wa trela zake zipatazo 40 kutoka Cape Town kwenda Cairo, wakapita Kongo, Uganda, Kenya na Ethiopia, kwenye barabara ambazo mvua ikinyesha hata lori hukata tamaa. Ulikuwa utalii wa Wamarekani wenye nafasi, tena wakati Afrika ina mambo mazito kuliko trela, na picha za msafara ule zina ukakasi wake. Hata hivyo mtengenezaji alilala ndani ya kitu alichokiuza, kwenye tope, akiwa na wateja wake wakimtazama usoni. Ningependa kuona mabosi wa leo wakipewa trela ya kwanza kutoka mstari wa Ijumaa mchana, waende nayo Oklahoma mwezi wa tano.

Kwa anayetaka kununua kesho, ninayo machache, maana wenzetu madereva wa malori na manesi wanaulizana sana habari hizi. Uwezo wako wote uko kabla ya saini. Lipia mkaguzi wa kujitegemea, dola mia kadhaa hadi elfu na kitu, akiwa na kipima unyevu, apande paani. Yadi ikimkatalia, umeshapata jibu bure. Lala ndani ya trela usiku mmoja au miwili kwenye uwanja wa yadi au jirani nao, maji na umeme vikiwa vimeunganishwa, kabla hujaivuta maili 300. Uliza kwa maandishi kama waranti inamkubali anayeishi humo. Na iliyotumika miaka mitatu, kavu, ambayo mwenye nayo wa kwanza alishapigana na kasoro zake, mimi naiona bora kuliko mpya.

Shemeji hakuyajua hayo, wala mimi sikuyajua. Alisubiri wiki 3 kupata nafasi gereji, kisha wiki 9 trela ikakaa huko, yeye akirudi kulipia chumba cha kupanga na mkopo wa trela kwa mpigo. Walipaka gundi. Mvua ya Septemba ikarudi pale pale. Safari hii madai yalikataliwa kwa sababu ya ile "ndiyo" kwenye fomu, akamwita fundi wa kuzunguka kwa fedha zake. Huyo alikuta ukanda wa pembe ya mbele umepigwa skrubu tatu hewani, zote hazijashika ubao.

Baada ya miezi 20 aliamua kuiuza, akaipeleka yadi ile ile aliyoinunua. Mthamini alitoka na ngazi na kipima unyevu. Alipanda paani, akapiga magoti akafuata kila kiungo kwa kidole, akashuka, akabonyeza kuta zote kwa dole gumba, akafungua makabati na kumulika tochi pembeni mwa dari. Alitumia dakika 40. Kisha akamwambia shemeji kwa upole kwamba kwa bahati mbaya bei itabidi ishuke, maana trela hii inaonyesha dalili kwamba iliwahi kuvuja.